Kuhusu dada wako wa kazi na hiyo QT

Marahaba mwanangu. Umeniuliza umruhusu dada wa kazi aanze masomo ya jioni ya QT, yale ya waliomaliza la saba wasiende sekondari, mwezi wa kwanza, au umwambie asubiri mpaka mdogo aanze chekechea, maana jioni hakuna wa kukaa na watoto. Nimesoma meseji yako usiku nikakosa usingizi, na wala sikuwa namuwaza huyo binti, nilikuwa namuwaza mama yako mkubwa.

Mi nilianza shule ile Novemba 1977, wakati wa UPE, serikali ilipotaka kila mtoto wa rika la shule awe darasani. Balozi wa nyumba kumi alipita kuandika majina, unapitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili, wangu ukafika nikashangilia mpaka bibi yako akanifinya. Mama mkubwa yeye mkono ulishafika siku nyingi tu ila babu aliona mjomba wako akisoma inatosha, na sasa umri wa kuandikishwa ulishampita. Tulikuwa tunasomea chini ya mbuyu, mwalimu wetu mwenyewe kamaliza la saba juzi tu, wale waliokuwa wanajifunza ualimu huku wanafundisha, kwa redio na masomo ya posta. Nilimpenda mwalimu yule.

Basi uwele ulipoanza kukomaa wakaja kwelea kwelea, babu akasema shule basi, nikae dunguni niamie ndege. Unajua kuamia kulivyo, unatoka alfajiri na kombeo na debe la kugonga unarudi jua likizama, na barabara ya shule ilipita pembeni ya shamba kwa hiyo ningewaona wenzangu wote wakipita na mafagio na vidumu vya maji. Nililia sana. Mama mkubwa ndo akamwambia babu, "Muache aende, nitaamia mimi." Hakuna aliyemtuma.

Jioni akirudi koo limekauka kwa kupiga kelele anaanza kuniuliza leo mmefundishwa nini, nionyeshe. Tunachora herufi chini na kijiti, mimi nimechoka nataka kulala yeye hataki. Akaweza kuandika jina lake. Mavuno yaliyofuata wakaja wale watu na ng'ombe, mengine unayajua. Huko alikoolewa aliomba kwenda kisomo cha watu wazima akaambiwa maji hayajachotwa, atakwenda baadaye. Mpaka leo simu yake anasomewa na wajukuu, ndo maana mimi simwandikii, nampigia tu, kuna mambo siwezi kumwambia dada yangu kupitia mdomo wa mtoto.

Saa zingine namtetea babu yako. Njaa ya 1974 alikuwa ameiona kwa macho yake, na ndege wale wakishuka shambani asubuhi jioni huna kitu, sasa angefanyaje? Halafu najijibu, mbona mjomba wako hakuitwa dunguni hata siku moja? Sheria ya kulazimisha watoto shule ilitoka 1978, na mama mkubwa haikumsaidia chochote.

Nilikuwa nawaambia toka mkiwa wadogo, mtoto akiomba shule kwa mdomo wake mwenyewe hakuna kumwambia subiri. Wewe uliamshwa kwa fimbo kwenda shule, huyu anaomba mwenyewe, baada ya kufua na kupika na kubeba mtoto mgongoni kutwa nzima! Ila na mimi nililea nikiwa kazini, najua foleni ya kutoka huko mjini, najua mumeo anarudi saa ngapi, siwezi kukaa huku Dodoma nikakupangia nyumba yako. Mtoto wa miaka miwili hawezi kuachwa peke yake, hilo nalo ni kweli. Sasa unaona, nimebaki katikati, na kwa kweli sijabaki katikati unanijua, lakini kunyamaza kwangu kuchukue hivyo hivyo, muamue wewe na mumeo.

Nitakachosema wazi ni kimoja, ukimpa hizo saa usimkate mshahara. Na kabla hujamjibu muulize kama cheti chake cha la saba anacho au kiko kwao, kikiwa kwao nitumie jina la kijiji, nitamtafuta mtu wa kukifuata.