Mvinyo wa nyumbani kwenye joto la Kusini: maswali yenu

Nataka kuagiza seti ya kutengenezea mvinyo. Nianze na mwekundu au mweupe? (Mtwara mjini)

Anza na mwekundu, kwa sababu ya joto letu. Mwekundu huchachuka vizuri kwenye nyuzi 22 hadi 28. Mweupe unataka 15 hadi 20. Ukizidi hapo, harufu yake ya matunda ndiyo hutangulia kupotea. Tena mchachuko wenyewe huzalisha joto: chumba kikiwa na nyuzi 30 mwezi Desemba, ndani ya ndoo kuna zaidi, na hamira huweza kufa kabla sukari haijaisha. Mweupe usubirishe mpaka majira ya kusi, Juni au Julai, na hata hapo ndoo ikae kwenye beseni la maji, imefungwa taulo mbichi, na chupa za barafu zibadilishwe asubuhi na jioni.

Seti ya lita 4.5 au ya 23? (Lindi)

Ndogo kwanza. Ile kubwa hutoa chupa 30 hivi, na kosa moja huziharibu zote. Soma boksi: nyingi zina juisi ya zabibu iliyokolezwa, hamira ya mvinyo na dawa za kusafishia na kuhifadhi tu, bila ndoo wala haidromita, kipimo kinachoelea cha kujua sukari iliyobaki. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi. Juisi ya mvinyo mweupe iliyokaa ghala lenye joto hugeuka kahawia, na ladha yake hairudi.

Siku ya sita povu limekwisha. Nijaze chupa? (Masasi)

Hapana, tafadhali! Povu si kipimo. Haidromita ianze karibu 1.085, ishuke chini ya 0.996 na isimame hapo siku tatu. Sukari ikibaki, chupa hupasuka na vioo vikajeruhi watoto.

Gongo inaua watu. Mvinyo je? (Nachingwea)

Mvinyo haukenekwi, kwa hiyo hatari ile ya gongo haimo. Kuuza ni jambo jingine: kunahitaji leseni na alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania.

Msimu wa korosho mabibo yanaoza shambani. Vifaa hivi vinafaa? (Newala)

Vinafaa, na swali hili limenifurahisha kuliko yote! Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamekuwa wakifundisha mvinyo wa mabibo, na natamani kila kijiji cha korosho kingejaribu. Okota na ukamue siku hiyohiyo, maana bibo huanza kuchachuka ndani ya saa chache. Ukakasi uondoe kwa jelatini iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto: koroga, acha itulie usiku kucha, kisha nyonya juisi ya juu kwa mpira. Ongeza sukari kidogokidogo hadi haidromita isome 1.085, gramu 17 kwa lita huongeza kilevi kwa asilimia 1 hivi. Tia hamira ya mvinyo, usiiachie ile ya tunda lenyewe kama tufanyavyo kwenye uraka, pombe yetu ya kienyeji ya mabibo. Na kwa kuwa mabibo huja wakati wa joto, ile beseni ya barafu haiepukiki.