Maswali na Majibu: Gita Kwanza, Pedali Baadaye

Nataka gita la umeme zuri la bei nafuu. Ninunue lipi? (Dodoma)

Swali hili haliishi, na waulizaji hawasemi wana shilingi ngapi wala wanapiga muziki gani. Haya: Squier ni chapa ya bei nafuu ya Fender, Epiphone ni ya Gibson, na kuna Yamaha Pacifica 112. Mimi ningechukua Pacifica. Ina pikapu (sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi) mbili nyembamba, na moja nene kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini, kwa hiyo rumba na roki zote zinapigika. La mtumba nalo sawa, ila likague: funga jicho moja utazame shingo kuanzia kichwani, kama seremala anavyotazama ubao. Kisha piga kila uzi kwenye kila freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo. Sauti ikikwama, shusha bei au ondoka. Na usitume pesa kwa muuzaji wa mtandaoni kwa sababu ya picha.

Naweza kufunga nyuzi za nailoni kwenye gita la umeme? (Kisumu)

Hapana. Pikapu husikia chuma tu.

Gita langu jipya halikai kwenye tuni. Nimeuziwa feki? (Mombasa)

Huenda ni zima kabisa. Nyuzi zilizokaa dukani miezi mingi hushika kutu, na huko kwenu upepo wa bahari unazimaliza upesi. Funga seti mpya, unene namba 9 au 10, zivute kwa mkono, tuni, uzivute tena mpaka zitulie. Kama uzi mtupu (usioubonyeza) uko sawa lakini sauti ya freti ya 12 inapanda, rudisha nyuma, mbali na shingo, kitandiko cha uzi huo, kile kichuma unachoegemea pale darajani; ikishuka, kisogeze mbele. Chuma cha ndani ya shingo mwachie fundi. Hela ya fundi ina faida kuliko pedali yoyote, yaani kisanduku cha kukanyaga kinachobadili sauti ya gita, utakayonunua mwaka huu.

Sina ampu (spika ya gita). Nichomeke gita kwenye sabufa? (Morogoro)

Ukichomeka moja kwa moja utapata sauti hafifu, butu. Tundu la sabufa limetengenezwa kwa ajili ya simu na redio, na pikapu haina nguvu hiyo. Hapa tu ndipo ninaporuhusu pedali mapema: ile ya efekti nyingi yenye sauti za ampu ndani, mfano Zoom G1 Four. Inaingia kwenye sabufa kwa waya unaofaa, na kwenye hedifoni majirani wakilala.

Pedali gani itanipa solo ya Kikongo? (Bukavu)

Vidole vyako. Sebene, ile sehemu ya gita ya kuchezesha watu, inataka kila noti isikike peke yake: sauti safi, korasi (sauti kama ya magita mawili) kidogo, dilei (mwangwi) kidogo, basi. Boss DS-1, pedali ya kukwaruza sauti, ipo tangu 1978, ni rahisi na ni imara, lakini ukiiwasha kwenye sebene noti zote zinageuka uji. Mnainunua kwa sababu ya rangi yake ya chungwa, nawajua.

Adapta ya ruta, volti 12, inafaa kwa pedali ya volti 9? (Arusha)

Haifai. Tena pedali nyingi zina hasi katikati ya plagi, na adapta za ruta kwa kawaida zina chanya. Soma mchoro ulio kwenye pedali. Ukishaichoma, usiniandikie.