Dodoso la imani kuhusu dawa za CF: jibu ukweli, na ujibu dawa moja moja

Dada uliyeuliza kama lile dodoso la "unaamini nini kuhusu dawa zako" walilokupa kliniki ni mtego, na kama ujibu ukweli au ujibu wanachotaka kusikia: jibu ukweli, tena kwa kila dawa peke yake. Mimi naishi na CF (saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi yawe mazito kwenye mapafu na kuvuruga usagaji wa chakula) tangu utotoni na nimeshalijaza, ngoja nikueleze lilivyo.

Kwa ulivyoelezea, hilo ni BMQ (Beliefs about Medicines Questionnaire, yaani dodoso la imani kuhusu dawa), walilitengeneza kina mtafiti Rob Horne kule Uingereza, lilitoka 1999. Sehemu ya dawa zako mwenyewe ina sentensi 10 tu. Tano zinapima unavyoona unazihitaji, tano zinapima hofu zako: madhara ya baadaye, kuzitegemea mno, kukuvurugia maisha, kutoelewa zinafanya nini mwilini. Kila sentensi unaipa 1 mpaka 5, kwa hiyo kila upande unaangukia kati ya 5 na 25, halafu wanachukua uhitaji wanatoa hofu. Ikija hasi maana yake hofu imezidi, na mtu wa hivyo ndo mara nyingi anaruka dozi. Hakuna kufaulu wala kufeli hapo.

Sasa sisi wa CF hatuna dawa moja. Ukijibu "dawa zako" kwa jumla unatoa wastani usiohusu dawa yoyote. Chukua enzaimu, vidonge vya kusaidia kusaga chakula, nikila chakula cha mafuta bila vile vidonge tumbo linajaa gesi, linasokota, choo kinaelea na harufu yake we acha tu, kwa hiyo kwenye uhitaji naweka 5 bila kuwaza mara mbili. Donesi alfa ya nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta) ni habari nyingine kabisa, yenyewe inakatakata DNA iliyomwagwa na seli zilizokufa kwenye makohozi ili yawe mepesi, ila ukiiruka leo husikii kitu, kesho husikii kitu, na hapo ndo imani inaanza kushuka taratibu hata mwenyewe hujui. Halafu kuna maji ya chumvi ya 7%, nayo ya kuvuta kwa nebulaiza, hayo kazi yake naiona kwa macho maana makohozi yanatoka, lakini yanakwaruza koo na kifua kinabana nisipotanguliza dawa ya kupanua njia za hewa, yaani uhitaji uko juu na hofu iko juu kwa pamoja. Ukizirundika zote tatu kwenye alama moja daktari ataona nini? Mimi niliomba karatasi tofauti kwa kila dawa, nesi akakubali, na tuliongea vitu ambavyo havijawahi kutajwa kliniki.

Na usiogope kuandika kwamba dawa fulani huoni tena umuhimu wake. Utafiti wa SIMPLIFY wa Marekani ulichukua watu wanaotumia elexacaftor/tezacaftor/ivacaftor (vidonge vipya vya CF vinavyorekebisha tatizo lenyewe ndani ya seli) ambao mapafu yao yako vizuri, wengine wakasimamisha maji ya chumvi au donesi alfa kwa wiki 6, na mapafu hayakuonyesha tofauti ya maana. Simaanishi uache kesho! Namaanisha swali lako ni swali halali, madaktari wenyewe wameliuliza, kwa hiyo waulize.

Kitu kingine, dodoso linapima imani, halipimi umetumia dozi ngapi. Kule Sheffield, Uingereza, walilinganisha walichosema watu wazima wenye CF na kilichorekodiwa na nebulaiza zinazorekodi zenyewe, wagonjwa kwa wastani walisema wanatumia 80% ya dozi zao, mashine ikaonyesha 36%. Siwezi kuwalaumu hata kidogo, matibabu haya yanakula karibu saa 2 kila siku, na mtu akizoea kukaripiwa atasema tu anatumia.

Kwenye ile ya dawa kukuvurugia maisha usiweke 3 kwa heshima. Kama kinachokuchosha ni kuosha na kuchemsha vikombe vya nebulaiza usiku wakati umeshachoka, andika hivyohivyo pembeni ya karatasi, maana hilo wanaweza kukusaidia bila hata kugusa dozi.