Maswali na Majibu: Nzi Majike Msiwatupe

*Nimeona nzi wa kijani anayeng'aa kwenye sukuma wiki yangu. Nipulize dawa gani? (Msomaji, Ruaka)*

Usipulize. Huyo ni nzi wa miguu mirefu, huenda ni Condylostylus, na anawinda vidukari wanaoimaliza sukuma yako. Swali hili huja kila mvua zikianza, tena na picha isiyo na tarehe wala mahali. Jamani, mtazameni mdudu anafanya nini kabla ya kukimbilia duka la dawa.

*Msimamizi wangu anasema niorodheshe madume tu wa nzi hawa wa miguu mirefu, kwani majike hawatambuliki. Ni kweli? (Mwanafunzi, Nairobi)*

Amekurithisha desturi mbaya. Dume ni rahisi: kiungo chake cha uzazi ni kikubwa, kimekunjwa chini ya tumbo, na spishi nyingi zina mapambo. Dume wa Dolichopus plumipes, mmoja wa nzi hawa, ana miguu ya kati yenye nywele kama unyoya. Jenasi hiyo ya Dolichopus, yaani kundi la spishi za karibu, aliyoipa jina Latreille mwaka 1796, ina spishi zaidi ya 600, nyingi za kaskazini ya dunia, na funguo za kuzitambua zimeegemea madume. Majike wanabaki chupani bila jina.

Lakini anayetaga ni jike, na ncha ya tumbo lake inakuambia anataga wapi. Jike wa Dolichopus ana miiba minene ya kuchokolea udongo. Wa Thrypticus, jenasi nyingine ya nzi hawa, ana ncha bapa kama wembe, ya kupasulia mmea. Buu wa Thrypticus truncatus, aliyepewa jina mwaka 2004, hutoboa vikonyo vya gugumaji, gugu lilelile linalotesa wavuvi wa Ziwa Victoria. Ukimtupa jike, umetupa habari hiyo yote.

Kwa hiyo linganisha miiba na mabamba ya pingili za mwisho za tumbo, na uchunguze majike kadhaa kabla ya kutangaza tofauti. Kunaswa mtego mmoja na dume fulani si ushahidi kwamba ni spishi moja. Waliokamatwa wakipandana ndio wa kuanzia. Na kama mtego uko Msitu wa Karura, uwe na kibali.

*DNA haijamaliza ubishi huu? (Msomaji, Kasarani)*

Haijamaliza. Inamuunganisha jike na dume wake, na kwa hilo naishukuru. Lakini haikuonyeshi mwiba hata mmoja, na vielelezo vingi vya zamani makumbusho DNA yake imeshakatikakatika. Peleka mguu mmoja maabara, mwili ubaki.

*Nyie mnasema miguu mirefu. Si ni mbu tu? (Msomaji, Umoja)*

Hapana. Hawa hawanyonyi damu.

*Tumbo la jike linaandaliwaje ili lichunguzwe? (Fundi wa maabara, Nairobi)*

Liloweke katika potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 hadi nyama ziyeyuke, suuza kwa maji, kisha litazame ndani ya gliserini. Vaa glavu, dawa hiyo inaunguza macho na ngozi. Ukimaliza, lihifadhi kwenye kichupa kidogo kilichochomwa kwenye pini ileile ya mdudu, kamwe si kwenye sanduku lingine. Nimeona matumbo mengi mno yasiyojulikana ni ya nzi gani.