Mtu anaweza kabisa kujiona muuaji na hajaua, mimi yalinikuta hapa Tanga

Mkuu umeuliza inawezekanaje jamaa wa kwenye movie ya Spellbound anawakimbia polisi wakati mwenyewe hajui kama kaua au hajaua, ukasema stori imelazimishwa. Nakujibu kwa kirefu maana swali lako linanigusa. Ambaye hajaiangalia aishie hapa, namwaga mpaka mwisho.

Ni movie ya 1945 ya Alfred Hitchcock. Gregory Peck anafika hospitali ya wagonjwa wa akili, Green Manors, anajitambulisha kama mkuu mpya, Dk. Edwardes, na Ingrid Bergman ambaye ni daktari pale anagundua saini yake haifanani na ya Edwardes wa kweli. Jamaa hakumbuki hata jina lake, kichwani kabaki na kitu kimoja tu, kwamba Edwardes kafa na aliyemuua ni yeye. Sasa hapo ndo nakukatalia mkuu, unasema hajui, mbona yeye anaona anajua kabisa, anayetia shaka ni yule dada.

Mimi nilikuwa na miaka 17. Mama alikuwa anauza samaki wa kukaanga, jioni ananituma Sahare na baiskeli, ndoo nafunga kwenye keria. Siku hiyo umeme umekatika, giza totoro, naingia Makorora nimekanyaga kweli kweli, mara nikavaa kitu, mimi huku baiskeli kule samaki wametapakaa chini. Kuinuka namuona mzee wa kanzu kalala kimya hatikisiki. Nikaita mara moja, kimya. Nikachukua baiskeli nikakimbia, ndoo nikaiacha palepale, sikupita hata nyumbani, usiku uleule nikashika njia ya Pangani mpaka Kigombe kwa mjomba.

Mjomba nilimwambia nimekuja kujifunza uvuvi, akafurahi masikini. Wiki ya kwanza nilikuwa na wasiwasi tu, labda nimemgonga labda sijamgonga. Ya pili nikaanza kukumbuka, na ndo maana naandika haya yote. Nikamkumbuka mzee amesimama mbele yangu kainua mkono, nikakumbuka sauti ya kichwa kinapiga lami, ile sauti ilikuwa inaniamsha usiku kabisa mpaka mjomba ananiuliza wewe kijana unaumwa? Ikafika mahali nakataa kushika kisu cha kuparia samaki, naona mkono wangu si wa kuamini. Nilipokuja kuangalia kwenye movie jamaa anavyoshuka ngazi na wembe mkononi kwa Brulov, daktari mzee aliyewahifadhi, nilisimamisha kwanza nikatoka nje.

Wiki ya tatu kaka akaja. Ndoo ilikuwa na jina la mama kwa rangi, majirani wa kule waliirudisha wakiulizia kijana alikimbia nini. Kumbe mzee alikuwa na sukari, alianguka kabla mimi sijafika, vijana wakaleta mkokoteni wamkimbize hospitali kisha wakarudi kuwaita wanawe, nami nikauvaa ule mkokoteni gizani. Mzee mzima, anakunywa kahawa kibarazani. Nikamwambia kaka, mbona nilisikia kichwa chake kinapiga lami? Akaniangalia akasema, mdogo wangu, kichochoro kile kina lami tangu lini?

Mchanga mtupu ule. Nimepita pale utoto wangu wote.

Ndo maana yule jamaa wa kwenye movie mistari inamtesa. Dada anachora na uma kwenye kitambaa cheupe cha meza, jamaa anaharibikiwa palepale, kumbe ni alama za ski, zile mbao za kuteleza nazo kwenye theluji, alikuwepo Edwardes alipoporomoka. Na chini yake kuna jingine la utotoni, aliteleza akamsukuma ndugu yake bila kukusudia akaangukia vyuma vyenye ncha. Hatia alishakuwa nayo miaka mingi, ilikuwa inangoja maiti tu ije ijibandike. Muuaji ni Murchison, mkuu wa zamani wa Green Manors aliyekuwa anaondolewa, tena alimpiga Edwardes bastola ndo akaporomoka.

Nakubaliana nawe kwamba imelazimishwa kwenye matibabu tu, pale wanapofumbua ndoto ya jamaa ili apone. Ndoto moja, hata kama imechorwa na mchoraji Salvador Dalí, haifumbuliwi kama kitendawili ikamponya mtu kwa siku mbili tatu. Muziki wa Miklós Rózsa ndo unakubeba pale mpaka usiulize, na ulipata Oscar kwa haki.

Kwa hiyo iangalie tena mkuu, safari hii usimuulize kama kaua, angalia anachokumbuka kinatoka wapi. Mimi yule mzee nilienda kumuomba radhi na mama, akanishika kichwa akaniombea dua, marehemu sasa. Kile kichochoro bado napita, mchanga wake nauona kwa macho yangu, na ile sauti ya lami bado naisikia.