Kabla Hujalipia Studio, Rekodi Demo Kama Vile Ndiyo Albamu

Waimbaji wanaojiandaa kutoa albamu ya kwanza ya soul-pop huniuliza maswali yaleyale: maiki gani, prodyuza gani, studio ipi. Siku hizi nawajibu kwa swali: demo zako, yaani rekodi zako za majaribio, ziko wapi, na ulizirekodi vipi? Wengi hutoa simu mfukoni na kunisikilizisha kipande chenye mvumo wa feni, huku wakiniambia nisijali, studio wataimba vizuri. Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanza.

Muziki huu unabebwa na sauti ya mtu mmoja. Kwenye nyimbo za kuchezeka, biti ikikolea watu watainuka hata kama mwimbaji ni vuguvugu. Kwenye soul msikilizaji amekusogelea mdomoni. Anasikia pumzi, anasikia neno lilipokwama, anajua kama unachokisema kimekufika wewe mwenyewe. Hali hiyo haiji kwa kuitwa. Mara nyingi inakuja siku wimbo unapozaliwa, wakati hata wewe hujui ubeti wa pili unaelekea wapi, kwa hiyo kila neno unalitoa kwa uangalifu wa mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza. Ukishauimba wimbo huo kwa miezi, unaanza kujiiga.

Chukua 21, albamu ya Adele iliyotoka Januari 2011. "Rolling in the Deep" aliuandika na Paul Epworth, na sauti kuu tunayoisikia mle kwa sehemu kubwa ni ile ya demo. Walipojaribu kuirudia, haikufikia ya kwanza. "Someone Like You" aliuandika na Dan Wilson, ukarekodiwa kwa siku mbili, piano na sauti basi, ukiwa demo ya kufanyiwa kazi baadaye. Ndiyo iliyoingia kwenye albamu. Wala si kwamba alikosa pa kurudia: alirekodi pia Malibu, Marekani, na prodyuza Rick Rubin, akiwa na wapigaji wa daraja la juu. Mwaka 2012 Adele aliondoka kwenye Grammy na tuzo 6. Sidhani kuna aliyelalamika kwamba piano ile ilikuwa ya majaribio.

Kwenye albamu yangu mwenyewe kuna wimbo wa taratibu ambao kwenye demo, mwisho wa ubeti wa kwanza, sauti inapasuka kidogo kwenye silabi ya mwisho. Nilivuta pumzi mapema kwa sababu sikuwa nimeamua sentensi iishie wapi. Tulipoingia studio niliuimba mstari ule hadi usiku. Noti zilinyooka, pumzi ilikaa mahali pake, na kila mara tuliposikiliza ulikuwa mzuri na haukumgusa mtu. Prodyuza akapunguza taa, akabadilisha maiki, akanitoa nje nipunge hewa. Mwisho, bila kusema neno, akaichomeka sauti ya demo juu ya dramu na besi tulizokuwa tumerekodi wiki ile. Mjadala ukaishia hapo. Lakini aliweza kufanya hivyo kwa sababu faili lilikuwa safi na wimbo ulikwenda kwa tempo, yaani kasi ya mapigo, inayojulikana. Kipande cha simu kisingetusaidia kitu.

Kwa hiyo, rekodi demo kwa heshima. Huhitaji vifaa vya kifahari. Chumba chenye mapazia, nguo na godoro kinafaa kuliko chumba kikubwa kitupu chenye kuta zinazorudisha sauti. Kaa shubiri moja hivi kutoka kwenye maiki, na uweke kile kitambaa cha kuzuia mfyatuko wa "p" na "b". Kwenye programu ya kurekodia chagua ubora wa biti 24 (24-bit), na usipandishe sauti hadi juu. Vilele vya sauti vikigota kwenye desibeli 10 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo, umebaki salama. Sauti iliyorekodiwa chini kidogo inainuliwa baadaye. Iliyopasuka kwa kuzidi kiwango ni vigumu mno kuiponya, na mara nyingi inabaki na kovu. Mwangwi na Auto-Tune, ile programu ya kunyoosha noti, visikike masikioni mwako tu, visiingie kwenye faili.

Metronomu, yaani mlio unaohesabu mapigo, iwe kwenye hedifoni, na tempo iandikwe kwenye jina la faili. Kuna wanaodai metronomu inaua hisia. Inaua hisia ya asiyeizoea, jizoeze nayo.

Kubwa zaidi ni kutenganisha ala na sauti. Gitaa na uimbaji vikiingia kwenye maiki moja, umevifungisha ndoa isiyo na talaka: ukitaka kubadilisha gitaa, sauti nayo inaondoka. Ukipiga kinanda, kirekodi kwa MIDI, yaani kompyuta inahifadhi vitufe ulivyobonyeza badala ya mlio wenyewe. Baadaye mlio ule wa plastiki unageuka piano ya kweli au ogani, na uimbaji wako hauguswi. Mpiga gitaa arekodi kwanza, wewe uimbe juu yake siku hiyohiyo, kabla wimbo haujapoa.

Angalia ki (key), yaani kimo cha noti za wimbo, mapema. Nyimbo nyingi zinabaki kwenye ki iliyokuwa rahisi kwa mpiga gitaa. Imba kiitikio cha mwisho jioni, ukiwa umechoka. Noti ya juu ikipita bila kukusumbua hata kidogo, panda nusu toni. Ikikukaba koo, shuka. Ukisharekodi sauti unayoipenda, kubadilisha ki kwa kompyuta kunaacha alama, na kwenye wimbo mtulivu alama hiyo inasikika.

Sasa hela ya studio iende wapi? Kwa watu wanaopiga pamoja chumba kimoja. Back to Black, albamu ya Amy Winehouse ya mwaka 2006, ina nyimbo ambazo prodyuza Mark Ronson alizipeleka kwa bendi ya Dap-Kings, wakazipiga kwenye studio ya Daptone, Brooklyn. Zile dramu na tarumbeta ni hewa iliyosukumwa na binadamu, na huwezi kuipata kwa kubofya. Lakini usijaze vyombo kwa kuwa tu umelipia siku nzima. Carole King, kwenye albamu yake Tapestry ya mwaka 1971 iliyosimamiwa na Lou Adler, aliuimba mwenyewe "(You Make Me Feel Like) A Natural Woman", wimbo alioshiriki kuutunga na ambao Aretha Franklin aliupa umaarufu mwaka 1967. Aretha alikuwa na bendi na waitikiaji. King alikaa kwenye piano, na hakuna aliyeona pengo.

Idadi ya nyimbo isikuumize kichwa. Back to Black ina 11 na inaisha kwa dakika 35 hivi.

Nikuonye upande wa pili pia: demo inalevya. Ukiisikiliza kila siku, hata makosa yake unayapenda. Mpe mtu asiyezijua asikilize zote mbili, ya demo na ya studio, bila kumwambia ipi ni ipi, na hakikisha zinasikika kwa ukubwa uleule. Sikio huchagua iliyo juu zaidi likidhani ndiyo bora, na prodyuza anayetaka ya kwake ishinde anaijua mbinu hiyo.

Jambo la mwisho watu hulikimbia kwa haya. Demo ikigeuka kuwa albamu, rafiki aliyekupigia kinanda siku ile si msaidizi tena, ni mwanamuziki kwenye kazi inayouzwa, na huenda ana haki kwenye utunzi na kwenye rekodi yenyewe. Maliza hilo siku wimbo unapokamilika, mkiwa bado mnacheka. Karatasi moja inatosha kwa kuanzia: jina la wimbo, nani katunga nini, asilimia za utunzi zinazotimia 100, nani anamiliki rekodi, tarehe, sahihi. Kila mmoja aipige picha kabla hajaondoka.