Disemba bila darubini: anza na Jabari, kisha lala chali ungoje vimondo

Mkuu, umeuliza Disemba utazame nini angani ikiwa huna darubini na nyota huzijui. Mwezi huu nautokea nje kila mwaka, mwaka wa tisa sasa, na nakuhakikishia macho yako yanatosha. Kinachowaangusha wengi ni haraka.

Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, karibu karibu, zikilingana mng'ao. Huo ni mkanda wa Jabari, kundi la nyota linalochorwa kama mtu, ambalo kwenye programu huitwa Orion. Mwanzoni mwa jioni unautafuta mashariki, na katikati ya mwezi, ikifika saa sita usiku, unakuwa umepanda juu kabisa. Ukishaupata, ramani ya nini tena? Fuata mstari wake upande mmoja utafika kwa Shira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku, iliyo umbali wa miaka ya nuru 8.6. Kwenye programu za simu utaiona kwa jina la Sirius. Ikiwa bado iko chini humeta nyekundu, kijani na buluu kwa zamu, kwa sababu nuru yake inapita kwenye hewa nyingi inayotikisika. Mara ya kwanza nilidhani ni ndege, nikasimama dakika kumi nikingoja isogee.

Geuka ufuate mstari ule ule upande wa pili. Utaipita Dabarani, yenye rangi ya chungwa, halafu utakuta kifungu kidogo cha nyota zilizosongamana: Kilimia. Jina linatokana na kulima, kwani watu walikitazama kujua majira ya shamba. Wengi wetu huhesabu nyota sita. Mwaka 1610 Galileo alichora 36 baada ya kukielekezea darubini yake.

Kwenye Jabari yenyewe kaa sana. Begani kuna nyota nyekundu, Ibuti la Jauza, ambayo ramani nyingi huiandika Betelgeuse. Kwa kawaida inaishinda Dabarani kwa mng'ao. Mwishoni mwa 2019 ikaanza kufifia, na kufikia Februari 2020 ilikuwa imezidiwa waziwazi. Nilikuwa nazilinganisha hizo mbili kila usiku usio na mawingu, na wengi tulijiuliza kama italipuka. Wanaastronomia walikuja kueleza kuwa nyota ilitema gesi, gesi ikapoa ikawa vumbi, vumbi likaiziba.

Halafu kando ya mkanda kuna nyota hafifu zilizojipanga kama upanga unaoning'inia. Ya katikati ina ukungu. Usiikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo, maana gizani sehemu ya kando ya jicho huona kuliko ya katikati, na ukungu utatanuka mbele yako. Lile ni wingu la gesi ambamo nyota zinazaliwa hivi sasa, umbali wa miaka ya nuru kama 1,300. Mimi hili silichoki.

Sayari zinahamahama, kila mwaka mahali pake, hivyo hapo tumia programu. Ukiona nuru kali iliyotulia bila kumeta, yaelekea ni Zuhura au Mshtarii.

Sasa vimondo vya Mapacha, vinavyoonekana kama vinatoka kwenye kundi la nyota la jina hilo (Gemini). Kilele ni usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Mvua nyingi za vimondo hutokana na mabaki ya nyotamkia, lakini hivi vinatoka kwa Phaethon, mwamba uliogunduliwa mwaka 1983. Vinaingia hewani kwa kasi ya kilometa 35 hivi kwa sekunde, ambayo kwa vimondo ni ya wastani, kwa hiyo unawahi kumgusa jirani na kumwonyesha. Utasoma kwamba huzidi 100 kwa saa. Hiyo ni kwa giza totoro na Mapacha wakiwa juu. Penye taa gawanya mara kadhaa. Angalia pia kalenda ya mwezi, kwani mwezi mpevu huvimeza vile hafifu vyote.

Mwaka wangu wa kwanza niliona vitatu usiku kucha, kwa sababu kila baada ya dakika tano nilifungua simu. Macho yanahitaji nusu saa kuzoea giza, na mwanga wa simu unakurudisha mwanzo. Mwaka uliofuata niliiacha ndani, nikalala chali kwenye mkeka, nikahesabu 41 kwa saa moja na nusu. Kimoja kilipita juu ya Kilimia kikaacha mstari wa nuru uliokaa sekunde mbili tatu kabla haujazimika.

Mapacha hufika juu kabisa yapata saa nane usiku. Kama utaamka mara moja tu Disemba nzima, amka saa hiyo.